Simu Isiyo na Akaunti ya Kaka

Wifi yangu, mke wa kaka, hakuwa na haja ya kuchungulia dirishani kwangu. Kila mtindo wa gauni niliobuni ulikuwa ukining'inia dukani kwake kabla sijamaliza kupiga pasi la kwangu, na mimi kwa ujinga wangu nikawa namshuku dada anayeniuzia vifungo.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kaka alipotununulia simu, alitufungulia familia nzima akaunti moja, ya kwake, "msije mkasahau nywila." Kila picha niliyopiga ilikwenda ghala lilelile, na ufunguo wifi alikuwa nao. Niligundua mezani kwao, kaka akitafuta picha ya mtoto wao: zikapita shingo za magauni yangu, mikono yake, pindo zake zote. Wifi akainuka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na kitu.

Ningenyamaza, maana ndugu ni ndugu. Lakini wiki ileile binti wa marehemu dada yangu akanipigia kutoka mji anakofanya kazi. Anaolewa, na gauni anataka nilishone kutokana na gauni la harusi la mama yake, ambalo limekaa kabatini kwangu tangu msiba.

"Mama mdogo, asilione mtu kabla ya siku," aliniomba. "Nataka mama aingie na mimi."

Nikamwahidi, na ahadi kama hiyo huichezei. Nikaenda kwa fundi simu wa jengo la jirani, tunayemwita Miwani, akaniuzia simu yenye mfumo usiodai akaunti ya kampuni yoyote. Kaka alipoiona alicheka mpaka akakohoa.

"Bila akaunti utawekaje programu? Umenunua tofali, dada yangu."

Na mwanzoni lilikuwa tofali kweli. Duka la programu nililolizoea halikuwemo. Nilimrudia Miwani aniwekee, akakataa.

"Nikikuwekea mimi, utakuwa umetoka kwa kaka yako umehamia kwangu. Kuna duka huru humo, halimuulizi mtu jina. Usichokipata, kichukue kwenye tovuti ya waliokitengeneza. Jaribu."

Nikajaribu. Kwenye duka huru nikapata programu ya kuchorea na ya kuhifadhi vipimo, nikajipigia vigelegele mwenyewe chumbani. Ile ya ujumbe wa siri anayoitumia binti wa dada sikuiona. Nikaitafuta mtandaoni, nikaangukia ukurasa wenye vitufe vya "pakua" vinavyometameta kila kona. Nikaufunga haraka. Nimenunua vitambaa miaka mingi: duka linalokuvuta mkono mlangoni, kitambaa chake huchuja. Nikampigia binti, akanisomea anwani ya wenyewe, herufi kwa herufi.

Nikapakua. Simu ikagoma: kwa usalama wako, kivinjari hiki hakiruhusiwi kusakinisha programu.

"Usalama wangu ndio ulionifanya nikununue!" nikaifokea.

Hasira zilipopoa nikaingia kwenye mipangilio, nikakipa kivinjari ruhusa, nikasakinisha, kisha nikaiondoa ruhusa. Mkasi ukishakata hurudi kwenye droo. Programu ikafunguka, ikaomba majina ya watu wangu wote. Nikakataa. Ikafanya kazi vilevile! Nikamwandikia binti, na jibu likaja palepale: "Mama mdogo, ni wewe?" Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Tangu hapo vipimo na picha vilipita kwetu wawili tu. Simu ya zamani niliiacha juu ya meza ya kukatia, nikipiga nayo picha za kitambaa cha kochi la mteja nilichokitundika kwenye sanamu la nguo, na marinda yake yote. Shetani alinituma, nami nikatumika.

Siku ya harusi wifi aliwahi ukumbini, amevaa kochi.

"Umependeza, wifi," nilimwambia, na nusura nipasuke mbavu.

Kisha mlango ukafunguliwa, binti akaingia. Vigelegele vikapasua dari. Wifi akatazama mikono ya lile gauni, akatazama marinda yake mwenyewe, akakaa chini. Kaka hakumwona. Alikuwa ameikodolea macho lesi ya kwenye vifundo vya mikono, ile aliyoishona dada yetu kwa mkono wake.

"Ni ya dada," alisema. "Mbona sikuiona kabla?"

"Binti hakutaka ionekane, kaka. Umeiona leo, kama watu wote."

Akafuta macho, akatoa simu apige picha. Nikaushika mkono wake.

"Kamuombe mwenyewe kwanza."

Kaka yangu mkubwa, ambaye hajawahi kuomba ruhusa ya mtu katika familia hii, akairudisha simu mfukoni, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya binti, akaomba.