Mzigo wa Apajok

Kocha Wandera alikuwa amechoka kusema. Tangu mwanzo wa mwaka mwanariadha wake hodari, Apajok, alikuwa akiishiwa nguvu katika mzunguko wa tatu wa mita elfu moja na mia tano. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, aliyekulia kambini Kakuma, mwenye miguu mirefu na maneno machache.

"Umekula?" kocha alikuwa akimuuliza.

"Nimekula, kocha."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Jibu hilo lilimpandisha mori. Alikuwa amewaeleza wakimbiaji wake mpaka koo likamkauka: wanga ndio kuni za mkimbiaji, maharagwe hujenga misuli, damu haitengenezwi na chai. Alibandika karatasi mlangoni mwa stoo. Mwishowe akawa anapika githeri, mahindi na maharagwe, kwake na kuileta uwanjani, na Apajok anaonja vijiko viwili, kisha anampa mwenzake bakuli.

Siku ya mashindano ya Lodwar mambo yaliharibika kabisa. Asubuhi hotelini wenzake walikula chapati na maharagwe; yeye alikunywa chai ya rangi, basi. Saa tano, jua likichoma, aliongoza mizunguko miwili. Wa tatu akaanza kuyumba, akaanguka.

Kwenye hema la huduma ya kwanza, nesi aliyeitwa Nabei alimfunua kope ya chini ya jicho. Ndani palikuwa peupe.

"Huyu damu iko chini, kocha. Na tumbo ni tupu. Anakimbia na nini?"

"Muulize mwenyewe," Wandera akafoka. "Nimesema mpaka basi. Anajifanya kiziwi."

Apajok alifumbua macho. "Si ni wewe ulisema?"

"Nilisema nini?"

"Mwezi wa kwanza, mbele ya watu wote. Ulisema Apajok amebeba mzigo nyuma, hawezi kushinda. Watu wakacheka. Nikaacha kula jioni. Halafu nikaacha asubuhi."

Wandera alifungua kinywa kukana, akakumbuka. Tena maneno hayo hakuyasema mara moja tu. Alipoona watu wanacheka, aliyarudia.

"Ule ulikuwa utani," alisema.

"Utani wa kumnyima mtu chakula miezi mitano," Nabei alisema, akiendelea kuandika.

Hasira yote aliyokuwa amemwekea msichana yule ikamgeukia Wandera mwenyewe. Alitoka, akarudi na kikombe cha uji na mayai mawili ya kuchemsha, akaketi chini kando ya mkeka.

"Nilikosea. Hukuwa mzito. Ulikuwa na nguvu, nami sikujua kutofautisha."

Apajok alikunywa uji taratibu, akafika nusu. "Useme hivyo mbele ya watu pia."

Jumatatu, uwanjani Kakuma, Wandera alisema. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimwia gumu kuliko kicheko. Apajok akaanza vidonge vya madini ya chuma, dagaa, ndengu, na maziwa ya ngamia yalipopatikana. Chai akaiweka mbali na saa ya mlo, kwa kuwa huzuia madini hayo kuingia mwilini. Haikuwa muujiza: wiki sita zilipita kabla hajamaliza mbio bila kusimama, na siku nyingine bado alisukuma sahani kando, naye Wandera akauma meno asiseme neno.

Mwezi wa nane, Lodwar, Apajok alimaliza wa nne. Karani wa matokeo akaandika "Apajoki", na Wandera akasimama mezani pake robo saa nzima, akigombana naye juu ya ile herufi moja.