Wiki ya Kwanza ya Gitaa

Fundi alifungua nyuzi zote sita za gitaa la umeme la marehemu, akazifunga upya kinyume, maana mjane wake alitumia mkono wa kushoto.

"Usikubali kubadilishwa mkono, mama. Wa kushoto upige, wa kulia ubane nyuzi. Ila vidole vitakuuma wiki nzima, mpaka machozi yakutoke. Usiache."

Mjane aliitikia tu. Tangu mazishi hakuwa ametoa hata chozi moja, na mawifi walishamkalia kitako, eti ana roho ngumu.

Siku ya nane alirudi. Fundi akavitazama vidole vyake vya kulia: ngozi imechanika, damu imegandia kwenye kucha.

"Maskini! Si nilikwambia vitauma?"

"Ndicho kilichonirudisha, fundi. Vitaanza kuuma lini?"