Mwani Uliogeuka Mwekundu

Laurent Chomba alipofungua maabara Jumatatu ile ya Septemba 1961, chupa za dirishani zilimshtua. Mwani, ule mdogo usioonekana kwa jicho mpaka ujikusanye, alikuwa ameuacha kijani kama kisamvu. Sasa maji yalikuwa na rangi ya kutu.

Ufunguo mwingine alikuwa nao Casimir Ngalula, mwenzake wa kazi, Muluba wa Kasai. Siku hizo, pale Elisabethville, Waluba wa Kasai walikuwa wakikamatwa, na mitaani waliitwa wasaliti wa Katanga iliyojitenga na Kongo. Laurent alidhani yeye hayasikilizi maneno ya mitaani. Kumbe yalikwisha kumwingia.

"Casimir, uliweka nini mule mu chupa?"

"Miye? Sikuweka kintu." Casimir aliinua chupa moja kwenye mwanga. "Chakula ya mu maji imeisha, na jua iko kali. Mwani umeacha kukua, sasa unajikinga. Ile rouge, ile rangi nyekundu, iko karotini."

Jibu limekuja haraka mno, Laurent akawaza. Walikuwa wakitafuta hiyo hiyo karotini, kirutubisho kilichomo pia ndani ya karoti, kwa ajili ya macho ya watoto, na siku zote waliuvuna mwani ungali kijani, wakaikuta kidogo tu. Mbona leo ijitokeze yenyewe? Akanusa chupa, akitafuta harufu ya dawa. Hakusikia harufu yoyote, na hilo nalo likamtia shaka. Jioni akabadilisha kufuli.

Kesho yake Casimir alikuta ufunguo haugeuki. Akamtazama Laurent kupitia kioo, akaondoka bila kubisha.

Laurent akapeleka nyumbani chupa ya mwani mchanga, bado kijani, akaiweka juani, hata mkewe Léonie akakatazwa kuigusa.

"Unaogopa nani?" Léonie akauliza.

Mwani ulikua, ukaongezeka, kisha ukaacha kukua. Polepole, ukawa mwekundu. Alipoupima, karotini ilikuwa imepanda kuliko alivyowahi kuona.

Akaenda mbio kwa Casimir. Nyumba ilikuwa tupu. Jirani akasema wamekimbilia kambi ya wakimbizi. Alimkuta huko, akifunga turubai.

"Chupa ya nyumbani kwangu pia iligeuka," Laurent alisema. "Unisamehe, ndugu."

"Karotini ilipanda?"

"Sana."

Casimir alikaribia kutabasamu. "Basi musivune mbio tena. Muache ikomae mu jua."

"Rudi kazini. Nitakufungulia."

"Na kesho askari wakikuuliza juu yangu, utajibu nini?"

Laurent akageuka kutazama njia ya kurudi mjini. Casimir akarudia kamba zake.

Mwaka uliofuata, Casimir na familia yake walipanda treni kwenda Kasai. Laurent alibaki akivuna mwani mwekundu peke yake, na kila alipoingia mgeni, macho yake yalimwendea mikononi kwanza, kuona kashika nini.