Injera Iliyopofuka

Surafel aliacha shule darasa la nane na hakuona alichokosa. Dada yake mdogo, Mahder, ndiye aliyemchosha. Darasa la kwanza aliotesha maharage, kisa somo la "mabadiliko". La tatu wakapelekwa kutazama mto unavyojaa na kukauka. Mabadiliko. Sasa yuko la sita, neno lilelile!

"Miaka sita neno moja," Surafel alimtania. "Kasuku angeshahitimu."

"Neno moja, maswali mengine. Mwaka huu mwalimu kasema kila mtu alete swali lake mwenyewe."

"Lako lipi?"

"Kwa nini injera ya Mama imepofuka."

Mama, aliyekuwa akikoroga rojo, akageuka. Tangu wahamie ghorofa ya nne, injera zake, mikate myembamba ya rojo lililochachuka, zilitoka bapa kama karatasi, hazina vile vitundu ambavyo watu huviita macho. Gashe Tilaye, mzee mwenye mgahawa aliyezinunua, alishasema: Ijumaa zikija pofu tena, anatafuta mpishi mwingine. Mama alibadilisha unga, akabadilisha maji, akazidisha chachu, vyote kwa mpigo. Wapi!

"Ukibadilisha vyote pamoja, utajuaje kilichosaidia?" Mahder aliuliza.

"We mtoto, nimepika injera hujazaliwa!"

"Najua, Mama. Mikono ni ileile. Tuliohama ni sisi. Kule ndoo ya rojo ilikaa wapi?"

"Si ilikaa pembeni ya jiko la kuni?"

"Na hapa?"

Mama akatazama chini. Saruji tupu, baridi kama pua ya mbwa.

Mahder akagawa rojo moja kwenye ndoo tatu. Moja sakafuni, moja juu ya kigoda, ya tatu akaizungushia gabi, shuka zito la Surafel.

"We! Mimi nijifunike nini?"

"Ujanja wako wa mtaani, kaka."

Rojo lilipochachuka, Mama akaoka. Ya sakafuni, pofu. Ya kigodani, makengeza. Ya gabi ikafumbua macho tele, Mama akapiga kigelegele. Basi rojo lote la Ijumaa likavalishwa gabi, Surafel akalala kajikunja kama uduvi.

Ijumaa Surafel alizibeba injera mwenyewe hadi mgahawani. Gashe Tilaye akainua moja kwenye mwanga.

"Hii inaniona mpaka moyoni! Mama yako kapata dawa gani?"

"Siyo dawa, Gashe. Mdogo wangu kauliza swali."

Akapanda ngazi mbiombio, kifua kimemjaa kama swali ni lake.

"Mahder! Tukiweka gabi mbili je?"

Mahder akamsukumia ndoo tupu.

"Swali lako hilo, kaka. Haya, anza."