Mtama wa Kivuti na Nzige wa Nabii Yoeli

Mwezi mzima Kivuti alikuwa akimhubiri nabii Yoeli, na usifikiri alimhubiri kwa huruma. Redio ilikuwa imetangaza kwamba nzige wameingia Meru na wanateremka, naye, mzee wa kanisa pale karibu na Kiritiri, hakuwaacha watu wapumue. Hukumu inakuja, aliwaambia, na kila mtu alijua jicho lake linaangalia benchi gani. Wambeti, mama yake Runji, mjane aliyepakana naye mashamba, alikuwa amepanda mistari kadhaa ya muguka, yale majani ya kutafunwa kama miraa, kando ya mtama wake ili watoto wasifukuzwe shule. Kwa Kivuti hilo lilitosha.

Jumamosi alasiri wakaja. Jameni, kusimuliwa si kuona! Upande wa Ishiara anga iliwiva wekundu kama vumbi la barabara, kisha vumbi lenyewe likaanza kuvuma. Jua likafifia. Kuku wakaingia ndani kulala. Kivuti, aliyelitaja jambo hili kila Jumapili kwa mdomo mpana, alisimama katikati ya mtama wake uliokuwa tayari kuvunwa, akaikodolea anga macho. Kumbe hakuwahi kuamini hata siku moja. Alikuwa akisema tu.

Naibu wa chifu alikuwa ameshawaagiza: pigeni madebe pamoja, muwasukume nzige mpaka korongoni, kwenye miiba isiyo ya mtu. Wambeti alikuwa tayari mpakani akigonga sufuria. "Baba Celina, huku!" alimwita Kivuti. "Tusukume korongoni!"

Lakini kusukuma korongoni kulitaka subira, na nzige walishaanza kupanda masuke ya Kivuti. Mtama ule ndio uliokuwa chakula cha nyumba yake hadi mvua nyingine. Hakuwa na kingine. Kivuti akakamata debe, akazunguka upande wa korongo, akaligonga kama mwenda wazimu, akiwafukuza kuelekea mpakani.

"Nendeni kwa muguka!" alipaza sauti. "Huko ndiko mlikotumwa!"

Wakaenda. Waliinuka wote kwa pamoja kwa mlio wa mvua kubwa juu ya mabati, wakavuka ua wa mkonge, wakatua kwa Wambeti. Mama wa watu akaacha kugonga sufuria. Alimtazama tu, nzige wakimtembea kwenye kitambaa cha kichwa. Jua lilipotua, upande ule hapakuwa na mtama wala muguka. Vilibaki vijiti.

Asubuhi nzige walikuwa bado wamelala kwenye migunga. Jua lilipopanda waliliota, wakaruka kuelekea mto Tana, na watu wakaingia kanisani wakisema asante Mungu, wamekwenda.

Kivuti akasimama kusoma. Hukumu aliisoma vizuri mpaka alipofika penye shamba lililoharibika na nafaka iliyokwisha. Hapo akaacha kusoma. Wambeti alikuwa kwenye benchi lake lile lile, na Kivuti aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Alikuwa amejifanya bwana wa nzige!

"Ni mimi," akasema. "Mtama wa Mama Runji. Niliwasukuma mimi."

Wambeti akainuka, macho yamemvimba. "Najua, Baba Celina. Nilikuona." Akavuta pumzi. "Lakini mbona kila Jumapili unakomea hapo? Mbele kuna maneno mengine. Soma!"

Kivuti akafungua mbele. Humo Mungu, kwa kinywa cha nabii yule yule, anaahidi kuirudisha miaka iliyoliwa na nzige. Mwezi mzima alikuwa ameipita ahadi hiyo! Aliposoma nywele zilimsimama. Si gunia linalorudishwa, ni miaka. Ni nani awezaye kurudisha miaka? Akaogopa ahadi kuliko alivyoogopa hukumu.

Akafunga kitabu. "Nendeni mkachukue visu," akasema. "Tunavuna kwangu, nusu nzima, na inapelekwa kwa Mama Runji."

"Na sisi je?" aliuliza Ednah mkewe.

"Yetu tutavuna kesho."

Walivuna wakiwa na nguo za kanisani. Wambeti alikata masuke ubavuni mwa Kivuti.

"Muguka nitapanda tena, usijidanganye," akamwambia.

"Mimi nimesema kitu?"

Alasiri ghala la Wambeti lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Na hapo ndipo upepo ulipogeuka. Waliusikia ule mvumo kabla ya kuona chochote. Safari hii madebe hayakufua dafu. Nzige walirudi kutoka Tana, wakavipita vijiti vya Wambeti, wakashuka kwenye nusu ya Kivuti iliyobaki. Wakaila yote.

Kivuti hakukimbia. Alivua kofia. Aliogopa, tena sana, lakini hakupata neno hata moja la kumlaumu Mungu. Alijiona mdogo, amesimama karibu mno na kitu kisicho na mwisho. Lau asingetoa ile nusu, nayo ingekuwa tumboni mwa nzige. Kando yake Ednah alikuwa akilia.

Wambeti akavuka ua wa mkonge, akamshika Ednah mkono.

"Mama Celina, nyamaza, haki. Ghala si limejaa? Mtakula kwangu mpaka mvua inyeshe."

Kisha akamgeukia Kivuti. "Na wewe, mzee wa kanisa, unangoja uitwe mara ngapi? Njoo."

Kivuti akavaa kofia yake. Akawafuata.