Sarafu ya Mwaka Tisini na Tatu

Maulid hakuyapenda maziwa ya soya. Kwake yeye yalikuwa kama uji ambao mpishi amesahau sukari, akasahau na unga pia. Lakini kila asubuhi alishuka ghorofa saba, akavuka barabara ya Xiaobei na kununua glasi moja kwenye kibanda cha Ayi. Bei ilikuwa yuani mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyomtoa kitandani.

Guangzhou nzima inalipa kwa simu. Muuza samaki, fundi viatu, hata mzee wa kunoa visu amebandika kikaratasi chake cha msimbo wa malipo. Unakimulika, unaondoka, salamu ya nini? Maulid alilipa kwa noti. Basi Ayi, mama wa miaka sitini na ushei ambaye soko zima lilimwita hivyo, yaani shangazi, ilimbidi ainame, avute kopo la biskuti chini ya meza na kuchakura chenji. Huku akichakura, alisema. Alilalamikia mvua, goti lake, na mkwewe asiyejua kupika wali. Maulid aliitikia kwa Kichina chake cha sokoni. Dakika mbili, akibahatika, tatu.

Tangu Yasir, mwenziwe wa chumba, arudi Unguja moja kwa moja, hizo ndizo dakika pekee alizozungumza na mtu mwenye uso. Kava za simu, ndiyo biashara yake, aliziagiza kiwandani kwa simu, dereva akazichukua, zikapelekwa uwanja wa Baiyun kupanda ndege, na wote hao aliwajua kwa vipicha vyao vya duara tu. Mkewe Najat alipiga kutoka nyumbani kila jioni, lakini simu ya Najat ilikuwa orodha ya mizigo, kisha mtandao ukakatika. Mtu ni watu, walisema wahenga. Maulid alikuwa mtu, basi.

Sarafu zilianza kama kisingizio. Siku moja Ayi alimuuliza kwa nini hamuliki kama wenzake. Kwa haya, akajibu kwamba anakusanya sarafu za zamani. Uongo ukizaliwa hutaka kulelewa, naye akaulea: akanunua albamu na kioo cha kukuzia. Alasiri alimwaga chenji kitandani, akapitisha juu yake sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Sarafu za chuma zilirukia sumaku. Zile kongwe za mao tano, yaani nusu yuani, za shaba ya njano zenye ua la plamu, zilibaki shukani zimetulia kama wazee wa heshima. Alizisugua kwa kidole, akasoma mwaka, akazipanga. Haba na haba, akajikuta anazipenda kwelikweli.

Mwaka uliokosekana ulikuwa tisini na tatu tu.

"Bado?" Ayi aliuliza kila asubuhi.

"Meiyou," alijibu Maulid. Sina. Nao wakacheka.

Mwezi wa Aprili akaipata. Ilikuwa katika chenji ya Ayi mwenyewe, imechubuka ukingoni, lakini mwaka unasomeka: 1993. Moyo ulimruka, kisha ukamshuka. Albamu ikijaa, kisingizio cha noti kimekwisha; atachakuriwa nini tena? Akaitumbukiza ndani ya soksi na kuisukuma soksi mvunguni.

"Bado?" Ayi aliuliza kesho yake.

"Meiyou, Ayi." Alisema hivyo bila kupepesa macho, mwanamume mzima wa miaka arobaini na miwili, wa swala tano.

Aliendelea hivyo miezi miwili. Jumatatu moja akatoa noti yake, lakini Ayi hakuinama. Alitoa kwenye aproni kifurushi cha karatasi laini, akakiweka mezani.

"Laoban, fungua." Laoban, yaani bosi.

Tisini na tatu, safi, inang'aa.

"Nimewauliza dada zangu wote," alisema Ayi, uso umemchanua. "Jana nimekwenda kwa kaka yangu kijijini, saa tatu kwenye basi. Tumekivunja kibubu cha marehemu mama. Ilikuwemo!"

Maulid aliipokea kwa mikono miwili. Aibu ilimchoma. Miaka sita katika mji huu hakuna aliyemhangaikia hivyo, na yeye alikuwa akimdanganya. Alitaka kumwambia kwamba sarafu haikuwa sarafu. Lakini Kichina chake kilijua bei na mizigo. Maneno ya namna hiyo hakuwahi kuyahitaji.

"Taabu yako imekwisha," alisema Ayi. "Mwaka mzima unakunywa maziwa yangu umekunja uso! Unadhani sioni? Kesho ukija, mulika tu kama wenzako, uwahi kazini. Na mimi goti langu lipumzike."

"Xiexie, Ayi," alisema Maulid. Asante. Akajilazimisha kucheka.

Kesho yake alishuka tena ghorofa saba. Zamu yake ilipofika, akamulika. Kijisanduku cha malipo juu ya meza kikatangaza kwa sauti ya msichana kwamba yuani mbili na nusu zimeingia. Ayi akamsogezea glasi, macho yake tayari yako kwa mteja wa nyuma.

"Goti linaendeleaje, Ayi?" Maulid aliuliza.

Kijisanduku kilikuwa kikitangaza malipo ya mtu mwingine, na Ayi hakusikia. Maulid akasogea kando na glasi yake, akangoja kinyamaze apate kuuliza tena. Kwenye foleni kulikuwa na watu kumi na mmoja, wote wameshika simu.