Kasia Halijafika

Haya nilielezwa na Mkamburi mwenyewe, Jumanne ya wiki ya mwisho ya Agosti mwaka huu, alipokuja Voi kupimwa macho akalala kwangu. Tulikuwa tunachambua kunde. Anasema kidogo, ananyamaza, jani moja limebaki mkononi, mpaka namwambia, "Haya, endelea."

Mkamburi anakaa Ukingoni, kijiji kidogo kando ya Ziwa Jipe, kule chini upande wa Taveta. Zamani hakuna aliyekwenda huko ila wavuvi na wanunuzi wa samaki. Siku hizi watu wameonyeshana kwa simu vile milima ya Upare inasimama ng'ambo ya maji, na vile Kilimanjaro hutokeza asubuhi mawingu yakitoka. Basi ikifika Pasaka, Agosti na Krismasi, magari yanamiminika kutoka Voi, Mombasa, hata Nairobi. Kijiji chenyewe kina nyumba arobaini. Jumamosi moja ya likizo kinaweza kupata magari themanini.

Na njia ni moja. Ni tuta la udongo, urefu kama kilomita mbili, limeinuliwa katikati ya tope la chumvi. Gari moja linapita, mawili hayapishani. Ukitoa gurudumu nje umezama hadi mlangoni. Tena likikaribia kijiji tuta linapinda kuzunguka matete marefu, kwa hivyo aliye kijijini hamuoni aliye kule barabara kubwa.

Kazi ya kuyapanga hayo magari alipewa Mkamburi. Watu walicheka, mama wa miaka hamsini na tisa ambaye hajashika usukani maisha yake yote. Lakini baba yake alikuwa mtu wa reli pale Maungu, na yeye akiwa mtoto, akimpelekea chakula, aliona vile dereva wa treni hakuondoka stesheni mpaka akabidhiwe kichuma fulani. Kichuma kilikuwa kimoja tu. Aliye nacho ndiye mwenye njia. Basi Mkamburi akachukua kasia la mtumbwi, akalipaka rangi nyekundu. Yeye husimama upande wa ziwa, na Muasya, fundi wa baiskeli, husimama kwenye barabara kubwa. Magari yakiingia kwa kundi, la mwisho ndilo linabeba kasia. Kasia likimfikia Mkamburi anajua njia ni tupu, hapo anaachilia wanaotoka, na la mwisho wao linamrudishia Muasya. Mambo ya simu hawayategemei. Mtandao wa huko unaruka Tanzania na kurudi kama panzi.

Likizo mbili mambo yalikwenda vizuri. Pasaka ndipo alipokosea. Kasia lilichelewa, watu wakapiga makelele, wengine wakamtukana, naye moyo ukalegea akawaachilia. Kumbe kulikuwa na pikapu inakuja. Wakakutana kwenye kona uso kwa uso, magari thelathini hayana pa kurudi. Gari moja likateleza topeni na familia ndani, maji yakafika kwenye viti. Hakufa mtu. Lakini mwenyekiti wa kamati ya ufuo, Ronald, alisimama mbele ya mkutano akasema, akimtaja Mkamburi kwa jina la mwanawe, "Mama Bravin tunampa nafasi moja ya mwisho. Akikosea tena, kasia tutalichomea samaki, na kazi tutampa mtu mwingine." Watu walicheka. Mkamburi hakucheka. Miezi minne yote alikuwa akipita sokoni anaona kama kila mtu anamtazama mgongo.

Sasa ikaja ile Jumamosi ya mwisho ya likizo ya Agosti. Ukame ulikuwa mkali, nyika imekauka mpaka inalia ukiikanyaga. Magari yaliingia sabini na mawili. Mkamburi aliyapanga kwa mistari, pua zote zimeelekea njiani, mabasi mbele, akina mama wenye watoto wachanga karibu na vivuli. Mpaka saa tisa hakuna hata honi moja iliyopigwa kwa hasira.

Saa tisa na nusu simu ya Muasya ikapenya. "Dada, naachilia tatu za mwisho. Kasia liko kwa..." Ikakatika. Alipojaribu kumpigia, yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia mteja hapatikani.

Gari la kwanza likafika. Halafu la pili, Probox nyeupe. Mkamburi akainama dirishani.

"Kasia?"

"Kasia gani, mama?"

"Kuna mtu nyuma yako?"

"Sijaona mtu. Vumbi tu."

Akangoja. Dakika kumi, ishirini. Wanaotoka walikuwa wameshawasha magari, mstari umefika hadi kwenye vibanda vya samaki. Mbele kabisa lilikuwa basi la kwaya kutoka Mombasa, na mlangoni amening'inia makanga mmoja mwenye kofia nyekundu na mdomo usiolala.

"Mathe, tuachilie! Ama unangoja hilo kasia utupigie maji tuvuke kama Musa?"

Watu ndani ya basi wakaangua kicheko.

"Musa hakuwa na haraka kama wewe," Mkamburi akamjibu. "Kaa chini upumzike."

"Nipumzike na Mombasa ni huko? Mathe, kwani kasia ni trafiki laiti?"

Hapo Ronald akaja, shati limelowa jasho mgongoni. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wageni wengi wa kuwaridhisha. Akamvuta kando.

"Mama Bravin, Muasya amesahau kumpa mtu kasia. Ndiyo hayo tu. Dereva wa Probox amesema nyuma hakuna mtu."

"Muasya alisema gari tatu. Nimepokea mbili."

"Simu ilikuwa inakatika, umesikia vibaya."

"Nimesikia tatu, Ronald."

"Basi, hilo gari la tatu limegeuza. Limeona mbali, limerudi. Watu wanatakiwa kufika Voi kabla ya giza. Unataka waseme nini juu ya hiki kijiji?"

Mkamburi akaitazama njia. Ilikuwa nyeupe, tupu, inang'aa kwa jua, mpaka pale inapopinda na kuingia nyuma ya matete. Hakukuwa na kitu. Ndivyo ilivyokuwa hata Pasaka, akaniambia. Tupu hivyo hivyo. Na alisikia ule ulegevu wa moyo ukija tena.

Alichofanya ni hiki. Alichukua jerikeni lake la maji, akaliweka katikati ya njia mbele ya basi, akalikalia. Kisha akavua viatu, akavipanga kando ya miguu, kama mtu aliyefika kwake jioni.

"Kasia halijafika," akasema. "Mtu yuko njiani."

Honi zikaanza. Moja, tano, halafu zote. Dereva wa basi akalingurumisha mpaka joto la injini likampiga Mkamburi shingoni. Makanga akashuka, akamzunguka akipiga makofi. "Jamani, mathe amehamia! Mleteeni na kitanda!" Ronald akasema kwa sauti ya chini, "Mama Bravin, unanifanya nikunyang'anye kazi mbele za watu."

"Ninyang'anye," akasema Mkamburi. "Lakini nikiwa nimekaa hapa."

Ronald akanyoosha mkono alishike jerikeni. Mkono haukufika.

Ndege walikuwa wamepaa. Wale weupe wa kwenye matete waliinuka wote kwa pamoja, mamia, bila kelele, kama shuka inayokung'utwa. Nyuma yao, kule konani, vumbi jekundu likapanda juu ya matete, na katika lile vumbi kikatokea kichwa.

Alikuwa ndovu jike mkubwa, mwekundu kwa udongo wa Tsavo tangu masikio hadi kucha. Alipanda tuta taratibu, akaweka mguu mmoja juu ya njia, akaupapasa udongo kwa wayo kama mtu anayejaribu kitanda kigeni. Njia ikamkubali. Akasimama katikati, hatua kama mia mbili kutoka kwa basi, akayageuzia uso yale magari sabini na ushei. Masikio yakafunguka.

Honi zilinyamaza moja baada ya nyingine. Dereva wa basi akazima injini, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake, mpaka ukasikia maji ya ziwa yakigonga mitumbwi.

Wakati wa ukame ndovu hutoka mbugani kuja kunywa, kila mtu wa Ukingoni anajua. Lakini huja usiku, wachache, na asubuhi unaona nyayo tu. Hakuna aliyewahi kuwaona wakija mchana, tena hivyo. Kwa maana nyuma ya yule jike walipanda wengine wanne. Kisha kumi. Kisha Mkamburi akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya paja, akafika thelathini na nne akapotea, akaanza upya, akafika hamsini, akaacha. Walikuwa wanatoka ndani ya vumbi kama vile ndani yake kuna mlango. Wazee wenye pembe zinazokaribia kugusa ardhi. Mama na binti zao. Watoto wadogo wanaokimbia chini ya matumbo ya mama zao bila kukanyagwa, na miguu yote ile, minene kama vigogo, ikiinuka na kushuka bila kishindo. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote, aliniambia. Mizigo yote ile ya nyama, na sauti iliyosikika ilikuwa ya ngozi tu, ikikwaruzana na ngozi, kama watu wengi wakitembea na magunia.

Mtoto mmoja alishindwa kupanda tuta. Aliteleza mara tatu. Ndovu wote waliokuwa nyuma yake wakasimama. Mmoja akashuka, akaweka paji lake la uso chini ya matako ya yule mtoto, mwingine akampokea kwa mkonga kutoka juu, akapandishwa. Msafara ukaendelea.

Makanga alikuwa amevua kofia. Hakujijua kama ameivua. Katika basi, mwanamke mmoja wa kwaya aliinua mikono yote miwili hadi kifuani, akaiacha hapo. Watoto wachanga hawakulia. Ronald alikuwa amechutama kando ya jerikeni, mkono ameuweka begani mwa Mkamburi, naye pia hakujua ameuweka.

Kisha vumbi likapungua kidogo, matete ya konani yamekanyagwa yakalala, na Mkamburi akaona kile alichokuwa akikingojea.

Katikati ya wale ndovu, pale pale konani, kulikuwa na gari dogo la bluu, limesimama. Ndovu walikuwa wanapita mbele na nyuma yake kama maji yanavyopita jiwe. Mmoja alisimama. Akaweka mkonga juu ya paa, akaupitisha polepole hadi kwenye kioo cha mbele, akanusa kioo, akanusa mlango. Watu waliona gari likitikisika kidogo.

"Mungu wangu," Ronald akanong'ona. "Tungeliachilia lile basi, lingekuwa mbele yake sasa hivi. Ndovu wangebanwa katikati."

Mkamburi hakubandua macho kwenye gari. Alikuwa ameshika vidole vya miguu yake kwa mikono miwili.

Yule ndovu aliuondoa mkonga. Akapita. Wa mwisho wao, mzee mwenye sikio lililochanika, alishuka tuta upande wa ziwa, matete yakamfunika, na mara maji yakasikika yakipasuliwa na miili mingi, yakitibuka, na kuvutwa kwa mikonga.

Hakuna aliyewasha gari. Gari la bluu lilikuja lenyewe, polepole kama baiskeli inayosukumwa. Ndani walikuwa mzee mmoja wa Wundanyi anaitwa Obadiah, mwalimu mstaafu, na mkewe Tryphena. Vioo vilikuwa na ukungu wa pumzi. Mzee akashusha kioo, akatoa kasia jekundu.

"Mama, samahani. Tumekuchelewesha."

"Hamjanichelewesha," akasema Mkamburi. "Poleni. Poleni sana."

"Wa kwanza walisimama mbele yetu kabla ya kona," akasema mzee. "Nikazima. Nikamwambia Tryphena, tusipumue. Nusu saa nzima."

Tryphena alikuwa akitabasamu huku machozi yanamtoka. "Aliniangalia," akasema. "Yule aliyeshika gari. Jicho lake lina kope ndefu, mama, ndefu kama za msichana. Aliniangalia kama mtu anayetafuta jina langu."

Mkamburi akapokea kasia. Akavaa viatu, akaondoa jerikeni. Akamtazama Ronald.

"Wewe ndiwe mwenye njia," akasema Ronald. "Achilia utakapoona ni sawa."

Alingoja robo saa nyingine, mpaka akahakikisha hakuna ndovu aliyebaki nyuma, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kisha akawaachilia. Walipita bila honi, na kila dereva alishusha kioo. Makanga alikuwa mlangoni, kofia bado iko mkononi.

"Mathe, mdomo wangu..."

"Ulikuwa na haraka, mwanangu. Nenda. Kule konani mwende pole, udongo umelegea."

Gari la mwisho alilikabidhi kasia, na kabla giza halijaingia Muasya akapenya kwenye simu akisema limefika, na njia ni tupu, na kumetokea nini huko kwani watu wote wanapita wakiwa kimya kama wanatoka mazishini? "Nitakueleza kesho," Mkamburi akamwambia.

Mzee Obadiah hakuweza kuendesha tena, miguu ilikuwa imekataa. Kwa hivyo Mkamburi akawachukua kwake. Mkaza mwana wake, Daisy, akapika ugali na samaki, na mjukuu, Shanice, akakaa katikati ya wageni akiuliza walikuwa wangapi.

"Hamsini," akasema Mkamburi.

"Mia," akasema Obadiah.

"Mimi nilimwona mmoja," akasema Tryphena.

Shanice alisinzia na tonge mkononi, Daisy akambeba. Mzee akafuata, akalala hata bila kuvua soksi. Tryphena alibaki akimhadithia mumewe habari za zile kope, ingawa mumewe alikuwa anakoroma, na Mkamburi akamsikia kupitia ukutani, sauti ikipungua neno moja moja mpaka ikaisha katikati ya sentensi.

Hata saa tatu haikuwa imefika. Mkamburi alilala chali na dirisha wazi. Huko chini ziwani bado walikuwa wanakunywa. Akajaribu kuwahesabu kwa masikio, kila mmoja na mvuto wake wa maji, akafika kumi na saba, usingizi ukamchukua.